Ati ya Mwadhini

Mwadhini wa msikiti wetu alikuwa na neno moja ambalo halikumtoka kinywani, nalo ni ati. Ukimwambia samaki wameshuka bei sokoni, yeye akimfikishia mwingine habari hiyo husema ati samaki wameshuka bei. Ukimwambia binti yako amejifungua, atakupa hongera kwa moyo wote, atakuombea dua ndefu, kisha atakwenda kumwambia mkewe ati binti wa fulani amejifungua. Hakuwa akikudharau. Yeye mtoto hajamwona, basi. Akishamwona ataacha kusema ati.

Mimi nauza madira na mabuibui sokoni Kismayo, na neno hili nalisikia kutwa nzima, lakini si kwa maana yake yeye. Mteja asiyesikia bei huuliza, ati? Aliyesikia bei ikamuuma pia huuliza, ati? Mwingine hupapasa kitambaa akasema ati hariri, kisha akakitupa kaunta kana kwamba kimemchafua mkono. Mombasa nilikozaliwa, ukimwita mtu ati daktari umeshamvua koti lake mbele za watu. Na mtoto akitumwa dukani huja akasema mama kasema ati umpe mtandio mweupe, na hapo neno halina shaka wala dharau, limebeba tu maneno ya mamake. Vijana wetu wa sasa, ambao Kisomali ndicho kilichotangulia vinywani mwao, husema la yiri, yaani imesemwa, na mwadhini alikuwa akiwaambia kuwa hiyo nayo ni nzuri, ila ni ndefu kidogo. Yake yeye ilikuwa ati ya aina moja tu. Nimeambiwa, sikuona, usije ukanishika mimi.

Mtaani tulikuwa na msemo wetu kwa ajili yake, kutoa ati. Akisikia jambo la ajabu hakutulia mpaka aende akalione kwa macho yake, kisha arudi aseme upya. Nakumbuka adhuhuri moja watoto walikuja mbio wakisema nyangumi ametupwa pwani. Mwadhini akawatangazia waliokuwa barazani ati kuna nyangumi, akachukua bakora yake, akaenda kwa miguu jua likimchoma utosini, na alasiri ilipokaribia akarudi kanzu imelowa jasho hadi magotini. Akasimama palepale aliposimama mwanzo, akasema, "Kuna nyangumi." Wenzake walikuwa wameshakwenda, wameshamwona, wameshapiga picha kwa simu na wamerudi kwa bajaji. Yeye hakujali. Alikuwa amekwenda kutoa ati yake, ameitoa, akaingia kutawadha.

Usidhani alikuwa mtu mzito wa maneno. Hapo ndipo alipokuwa akinichanganya. Mwadhini alipenda umbea kuliko wanawake wote wa mtaa wetu wakikusanywa pamoja, nami nimo. Hakuna ndoa iliyoyumba bila yeye kujua, na alikuwa akisimulia kwa raha, sauti chini, macho yanacheza. Ati fulani analala chumba cha nje. Ati mamake mume ndiye aliyeficha funguo. Siku moja habari ya namna hiyo ilimfikia mwenyewe aliyesemwa, akaja msikitini amevimba, na mwadhini akamwambia kwa utulivu kuwa yeye hakusema kitu, yeye amesema ati. Wazee walicheka, lakini yule mtu hakucheka, na nadhani alikuwa na haki. Kuna watu wanaovaa glavu ili wasichafue kitu, na kuna wanaovaa ili wao wasichafuke, na mpaka leo sijui yeye alikuwa yupi.

Ndevu zake alizipaka piko zikawa nyeusi kuliko za mwanawe, naye akasema waziwazi kuwa ndizo rangi yake. Hapo hakuweka ati. Nilipokuwa msichana mwenye ulimi nilimuuliza mbona kila siku anapanda kuadhini akishuhudia mambo ambayo hakuyaona, tena kwa kipaza sauti, na ati yake haisikiki. Mama alinikata jicho. Yeye alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, akiniita mchoto, yaani mtoto, kama kawaida yake, "Hayo moyo unayaona, mchoto wangu. Bei ya samaki moyo hauioni." Nikaona jibu ni zuri. Kisha nikalala nikiliwaza, nikaona labda si jibu.

Mwaka mmoja uliletwa ujumbe msikitini kuwa mwezi wa Ramadhani umeandama. Imamu hakuwepo, kwa hiyo aliyepewa kutangaza ni mwadhini. Akakohoa kama kawaida yake kabla ya kusema, kisha mtaa mzima ukasikia: "Ati mwezi umeandama." Akazima. Kulikoni? Nusu ya watu walikula daku wakafunga, nusu wakaamka wakanywa chai, na wake na waume wakagombana kama kweli ile ilikuwa habari au kejeli. Mama alifunga. Jirani yetu upande wa pili alikaanga sambusa asubuhi, harufu ikatujia dirishani, tukamkasirikia yeye badala ya mwadhini. Imamu aliporudi akamkemea. Mwadhini akasema aliletewa habari akaipeleka ilivyomfikia, na wanaotaka iondolewe ati wampandishe yeye juu ya tangi la maji magharibi akautafute mwezi mwenyewe. Tangu siku ile matangazo ya mwezi yalisomwa na mtu mwingine.

Matangazo ya mauti aliachiwa, na humo ndimo neno lile lilipopata nguvu ambayo kwa maoni yangu halikustahili. Ilikuwa hivi. Ilipigwa simu kutoka Nairobi kwamba mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwenda kutibiwa, amefariki. Mwadhini akatangaza ati amefariki. Mwana wa mzee yule alimjia mlangoni mwa msikiti huku akilia, akamuuliza ana moyo gani wa kumtilia ati maiti wa watu. Mwadhini alimshika mkono tu, hakubishana naye. Matanga yakawekwa, wali ukapikwa, na watu wakiwa wamekaa mkekani simu ikalia tena, na aliyekuwa akizungumza alikuwa mzee mwenyewe, anauliza mbona nyumbani hawamtumii nguo safi. Maiti alikuwa wa kitanda cha pili. Baada ya hapo kila tangazo la mauti lilipotoka, jambo la kwanza watu kuulizana lilikuwa, ameweka ati? Akiweka, nyumba ile husubiri. Niliwahi kuwaona watu wazima wakikataa kulia kwa sababu ya neno lenye herufi tatu.

Mama yangu aliisikia habari ya mzee wa Nairobi akiwa mbele ya tanuri lake la mkate wa mofa. Hakucheka kama wengine. Aliuacha mkate ukaungua, kitu ambacho hakijapata kutokea, nami nikajua alichokuwa akikiwaza, kwa sababu nilikuwa nakiwaza mimi pia.

Baba yangu na mwadhini walikuwa marafiki tangu utoto wao kisiwani Chovai. Vita vilipofika pwani yetu, mwaka wa tisini na moja, wanawake na watoto walitangulia Kenya, mama akiwa na mimba yangu. Baba na mwadhini walibaki nyuma kuangalia nyumba na msikiti, kisha mambo yalipozidi wakaondoka wawili, wakafika kisiwa cha Koyama, wakavuka bara wakashuka kusini hadi Burgao. Kambini, nje ya Mombasa, alifika mwadhini peke yake. Mama alimwona anaingia, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayefuata, akamuuliza, na mwadhini akasema ati amekufa. Hivyo ndivyo mama alivyonisimulia kila nilipomuuliza, na kila mara alilitamka neno lile taratibu, kama anayeonja chumvi.

Angekuwa mtu mwingine aliyesema, jambo lingekwisha. Lakini huyu ni mtu anayekwenda kwa miguu juani kumwona nyangumi. Akisema ati, hajaona. Na kama hajaona, basi nani kaona? Mama hakukaa eda. Hakuvaa nguo za mjane, hakusoma hitima. Akakaa kama mke ambaye mumewe amesafiri. Tuliporudi Kismayo akaja mtu, fundi cherehani, mpole, mwenye meno mazuri, akamposa. Shehe akamweleza mama kuwa mwanamke ambaye mumewe amepotea ana njia yake kwa kadhi, asiogope. Mama akajibu kwamba yeye ni mke wa mtu mpaka asikie vingine. Yule fundi alingoja, kisha akaoa kwengine. Nilimpenda yule fundi. Nilikuwa nimeshaanza kumwazia kama baba, na nilimchukia mwadhini kwa ajili yake, ingawa aliponipita barazani nilimbusu mkono kama watoto wote.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwendea mwadhini kumuuliza ana kwa ana. Alikuwa anafagia ua wa msikiti kwa ufagio wake mwenyewe, ambao hakumwazima mtu. Nikamuuliza kama Burgao alikuwepo au hakuwepo. Akasema alikuwepo. Nikamwambia, "Basi mbona ati?" Hakunitazama. Alifagia mahali palepale alipokuwa ameshapafagia, akasema, "Babako ati alikufa, mchoto wangu. Nenda kamsaidie mamako." Nikaondoka nimekasirika kiasi cha kupotea njia ya nyumbani ninayoijua tangu utoto.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema kuwa Burgao walitenganishwa, mwadhini akaletewa tu habari. Wapo waliosema alimwacha baba mgonjwa, yu hai, akakimbia, na aibu ndiyo iliyoweka ati. Wifi yangu alisema yule mzee amezoea tu, neno limekuwa kama kikohozi chake, na sisi tunasoma kitu kisichoandikwa. Mimi nilishika la kwanza mwaka huu, la pili mwaka ujao. Zipo siku niliamini yote matatu kabla ya chakula cha mchana. Kuna wakati nilimwona mtu sokoni mwenye mabega kama yangu, mzee, amesimama akichagua malimau, nikamfuata mpaka kituo cha bajaji. Alipogeuka alikuwa mtu tu.

Mwadhini alipozeeka, maradhi ya kusahau yalimwanza polepole. Kwanza alipotewa na saa, akaadhini alasiri kabla ya adhuhuri, akapumzishwa nyumbani. Halafu, binti yake akaniambia dukani huku akichagua dira, kuna kitu kingine kimemtoka. Hasemi ati tena. Anasema tu. Kila kinachomjia kichwani anakisema kama alichokiona kwa macho. Binti alikuwa anacheka kidogo, kama tunavyocheka tunapotaka kulia, nami nilimfungia dira lake bila hata kumuuliza kama amelipenda. Siku ya pili nikaenda kumwona mzee.

Alikuwa amekaa kitandani, amewekewa mito mgongoni, ndevu nyeupe kabisa. Hakuna aliyekuwa akimpaka piko. Nilimsalimu, akaitikia vizuri, akaniambia asubuhi ile amerudi kutoka Koyama na bahari ilikuwa shwari. Binti akaleta chai. Mzee akaionja, akasema mkewe anajua kutia hiliki. Mkewe tumemzika, mimi mwenyewe nilikuwamo katika waliomshonea sanda. Nikamwambia ni kweli, anajua. Kisha alinikazia macho kwa muda, akaweka kikombe chini, na sauti yake ikabadilika.

"Shemeji," akasema, "ushavyaa?"

Shemeji alikuwa akimwita mama. Mimi daima nilikuwa mchoto wake. Watu huniambia nimefanana na mama lakini sikupata kudhani ni kiasi hicho, na sikujua nimsahihishe au nimwachie. Alikuwa ananingoja. Ananiuliza kama nimeshajifungua, na uso wake ulikuwa na hofu ya kweli, si ya mzee aliyepotea, bali ya kijana aliyesimama mlangoni na habari.

Nikasema, "Nimejifungua."

"Umepata nini?"

"Msichana."

"Mzima?"

"Mzima."

Akashusha pumzi. Akasema Alhamdulillahi, akaisema tena, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Umekawia sana, shemeji," akaniambia. "Basi sasa naitoa."

Akaitoa. Alisema mume wangu alikufa Burgao, kwa homa, kabla ya alasiri. Alisema alimwosha yeye mwenyewe kwa maji ya bahari kwa kuwa maji matamu hayakuwepo ila ya kunywa, akamfunga kidevu kwa kitambaa chake, akamswalia peke yake, akamzika kwa mikono yake mahali penye mchanga laini ambapo palikuwa na mti wa mkungu. Alisema alipofika kambini akanikuta tumbo limefika hapa, akapaonyesha juu ya kifua chake, akaona akinipa habari nzima mimba itatoka. "Nikaweka ati. Nikasema akivyaa nitaitoa." Baada ya hapo, alisema, kila alipokuja nilikuwa sijavyaa bado.

Nilikuwa nalia, sikujificha. Nilimlilia baba, ndiyo, lakini zaidi nilimlilia yule kijana aliyekuja na kitu kizito akakosa pa kukitua kwa sababu yangu. Nikamshika mkono nikambusu. Nilihisi nimepata jambo ambalo nililitafuta tangu nilipojua kutafuta. Nikasimama kuaga, na mzee akaniangalia kwa upole, akanitabasamia, akasema nimsalimie mume wangu.

Nilikaa tena kitandani. Mimi nina mume, yuko bandarini, anapakua mizigo. Huenda mzee alishanitambua, akarudi kuniona mimi, akamsalimu mume wangu kama mtu yeyote wa adabu. Huenda bado alikuwa anazungumza na mama, na mume aliyemzika dakika chache zilizopita ameshafufuka, yuko nyumbani, anangoja salamu. Nikamuuliza, mume yupi? Akanitazama kama ninayemfanyia utani, akauliza chai iko wapi. Chai ilikuwa mbele yake.

Njiani nilijaribu kulipanga. Maisha yake yote tulilipima neno lake kwa ati. Ikiwepo, shaka; isipokuwepo, kweli. Sasa haipo kabisa, wala kwenye safari ya Koyama, wala kwenye hiliki ya marehemu, wala kwenye kaburi la Burgao. Lakini kitambaa cha kidevu? Mtu anabuni kitambaa? Na maji ya bahari? Nikaona ni kweli. Nilipofika kona ya duka la dawa nikaona si kweli, ameosha maiti wengi maisha yake na huenda amenipa wa mtu mwingine. Nikasimama pale kwenye kona, watu wakanipita, nikashindwa kuchagua hata upande wa kuvukia.

Mama alikuwa ukumbini, anakanda unga wa mofa, amekunja mikono ya dira. Alijua nilikotoka. Nikakaa mbele yake juu ya mkeka nikamwambia aliyoyasema mzee, ya homa, ya maji ya bahari, ya kitambaa, na ya mimba. Ya Koyama, ya hiliki na ya salamu sikuyasema. Sikuwa nimeazimia kuyaficha. Nilifika mwisho wa kaburi nikaona mdomo umefungika.

Mikono yake ilisimama ndani ya unga. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Aliweka ati?"

Nikasema, "Hakuweka."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuhesabu kitu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza, akaacha. "Eda huanza siku anayokufa mume," alisema. "Kumbe yangu ilikwisha siku nilipokuzaa kule kambini, na mimi najipaka wanja nikimngoja."

Akachomoa mikono, akaikung'uta. Nikamwambia nitamalizia kukanda, akapumzike. Hakunisikia. Alikuwa ananitazama usoni, kama mwadhini alivyonitazama, na nikaogopa kuwa ataniuliza swali la pili.

"Alfajiri ya leo nimemwombea arudi salama," alisema. "Alasiri nitamwombeaje?"

Nikamwambia amwombee rehema. Akainuka kwa kushika bega langu, akaenda kutawadha, na nilisikia maji yanamwagika kwa muda mrefu kuliko udhu unavyohitaji.